Kiangi na Baragumu la Upendo

Haya, sogeeni huku jikoni, mvua hiyo haina mpango wa kukatika leo. Kila mmoja na ungo wake, kila mmoja na maharage yake, na mikono isisimame eti kwa sababu masikio yana kazi. Nikiuliza "Mpo?", mnanijibu "Tupo na masikio yetu!" Mpo?

Tupo na masikio yetu!

Basi hapo kale, kale ya mbali kabisa, wakati mawe ya mlima huu yalikuwa bado laini na mbuzi akiulizwa jambo anajibu, palikuwa na kijiji kikiitwa Lembweni. Wewe unayecheka, mbuzi walikuwa wanajibu. Waliacha wenyewe walipoona watu hawasikilizi.

Lembweni ilikaa ubavuni mwa mlima, pale ukungu unapotanda mpaka saa nne asubuhi. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva. Ndiva mnaijua: bwawa la udongo na mawe. Jioni unaziba mdomo wake, maji ya kijito yanajaa. Asubuhi unazibua, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, leo zamu ya huyu, kesho zamu ya yule. Ndiva ndiyo iliyowalisha. Na ndiva hiyo hiyo, ukuta wake ukipasuka, ingewazoa. Nyumba ya kwanza kabisa chini ya ukuta ilikuwa ya Mzee Kiangi, na ndani yake alilala mama yake, Bibi Mkunde, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia miaka mingi. Likumbukeni hilo.

Sasa kaa wa kijitoni wana tabia moja mbaya: wanatoboa kuta. Kwa hiyo desturi ya Lembweni ilikuwa kwamba mwenye zamu, akipanda asubuhi kuzibua maji, anabeba bonge la udongo wa kichuguu. Akiona tundu, anaziba. Hakuna anayemwona, hakuna anayemshukuru, anashuka anakunywa uji wake. Bonge baada ya bonge, siku baada ya siku, ukuta ukasimama.

Kijiji pia kilikuwa na baragumu, pembe ndefu ya tandala. Likilia mlio mmoja mrefu, ni msaragambo, kazi ya wote, watu wanachukua majembe. Likilia mfululizo, ni hatari: moto, au chui, au ndiva. Watu wanaacha chungu motoni wanakimbia. Na mtunzaji wa baragumu alikuwa Kiangi.

Kiangi hakuwa mtu mbaya, msije mkanisingizia kwamba nimesema hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa, haibi, halewi, hapigi mtu. Ila shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kuangalia nani anamwangalia. Mwinjilisti Elisafi alimpa koti jeusi la vifungo vitatu, na tangu siku hiyo Kiangi hakulivua, hata wakati wa kupalilia. Akisali, anasali kwa sauti ya kufika kijiji cha pili. Akitaka kumpa mtu muwa, anamsimamisha njiani mpaka wapite watu watatu, ndipo anyooshe mkono.

Siku moja mwinjilisti akafundisha habari ya nuru. Akasema wamfuatao Bwana wasifichwe kama taa chini ya kapu. Watu wayaone matendo yao mema, wamsifu Mungu. Alipofika hapo mvua ikaanza kuvuja kanisani. Akafunga Kitabu haraka kisilowe. "Ukurasa unaofuata una jambo kubwa kuhusu hili hili," akasema. "Nitawasomea nikirudi."

Akaenda zake. Kisha daraja likachukuliwa na maji. Kisha akaugua homa. Kisha akaoa. Ikapita miaka mitatu, na Kitabu kilikuwa kimoja tu, na alikuwa nacho yeye.

Lakini Kiangi hakungoja ukurasa wa pili. Jumapili iliyofuata mahubiri yale akasimama mbele, koti limefungwa vifungo vyote.

"Ndugu zangu, tumeambiwa watu wayaone matendo yetu. Lakini hapa kwetu kuna ukungu! Nani ataona nini? Juzi nimempa mtu muwa, hata yeye aliyepokea hakuniona vizuri."

"Ni kweli kabisa, mzee," wakasema watu.

"Basi kama hawaoni, wasikie!" Akainua baragumu juu. "Kila tendo la upendo litapigiwa. Yai, mlio mmoja. Kuku, miwili. Mbuzi, mitatu. Ng'ombe, napiga mfululizo mpaka pumzi iniishe."

"Na bonge la ndivani, mzee, lina milio mingapi?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Kiangi akafikiri, akashika kifungo cha kati. "Bonge humpi mtu. Unaupa ukuta, na ukuta hautoi ushuhuda. Bonge halina mlio."

Wakapiga makofi. Mpo?

Tupo na masikio yetu!

Loo, jamani, upendo ulivyolipuka Lembweni! Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu harusi ya mwaka wa nzige wakaanza kupelekeana mayai. Asubuhi puu, mchana puu-puu, jioni puu-puu-puu. Shida ilikuwa moja tu. Wenye shida ya kuonekana kwa macho kijijini walikuwa wachache mno. Kwa kweli alikuwa mmoja, mama mmoja mjane jina lake Nakiete, aliyekaa peke yake kwenye kibanda kando ya mfereji. Wengine walikuwa na shida za kawaida, zile ambazo mtu anazificha ndani. Basi upendo wote wa Lembweni ukamwangukia Nakiete. Ikabidi wapange zamu ya kumpenda, kama zamu ya maji.

Maji walimletea mitungi tisa kwa siku, mpaka akawa anawaomba wapita njia wachote. Akipita njiani anashikwa mkono avushwe mfereji ambao amekuwa akiuruka tangu utoto. Akifika ng'ambo, mwingine anamrudisha ili na yeye amvushe. Nyumba yake waliiezeka mara nne katika msimu mmoja. Aliyeezeka wa pili alisema wa kwanza hakuezeka kwa moyo, wa tatu akasema vivyo hivyo, na wa nne hata hakusema kitu, alipanda tu na nyasi zake. Hakuna aliyetoa za zamani. Kiangi mwenyewe alimpelekea mbuzi, akajipigia milio mitatu, na mbuzi akala mchicha wote wa mama wa watu. Mbuzi alipoulizwa akajibu kwamba na yeye hakuulizwa kama anataka kutolewa.

Siku moja Nakiete akaenda kwa Kiangi. Marehemu mumewe na Kiangi walikuwa wameota ndevu pamoja, kwa hiyo walikuwa mashemeji.

"Shemeji, nimekuja kuomba," akasema.

Kiangi akalitazama baragumu ukutani, uso ukang'aa. "Omba, shemeji, omba. Kuku? Mbuzi mwingine?"

"Naomba nipumzike. Mgongo unaniuma kwa kuinama kushukuru. Leo nimependwa mara saba na bado sijanywa uji."

"Shemeji! Unakataa upendo?"

"Sikatai. Nauliza tu, mbona kule kwa jirani yangu mtoto anakohoa mwezi mzima na hakuna aliyekwenda?"

"Kikohozi hakionekani, shemeji. Na usiku hakuna anayepita kusikia baragumu."

Nakiete akanyoosha kidole juu, kwenye ndiva. Kisha akauliza, "Na bonge la ndivani nani anapeleka siku hizi?"

"Ah, si mwenye zamu?"

"Mwenye zamu anapanda na mikono mitupu, anazibua, anashuka mbio kuja kunipenda. Ukuta ule una matundu, shemeji. Ukiachia, wa kwanza kuondoka ni mama yako hapo ndani."

"Mungu atatulinda," akasema Kiangi, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Bibi Mkunde alikuwa akisikia yote kutoka kitandani. Huyu alikuwa analishwa na mke wa Kiangi, kwa maana kumlisha mama yako mwenyewe nako hakukuwa na mlio.

Ndipo habari zikafika: mwinjilisti Elisafi anarudi! Jumapili atakuwa Lembweni! Kiangi karibu aruke. Akajiona mbele ya watu wote, koti limepigwa pasi, baragumu mdomoni, mwinjilisti akisema, "Kiangi, kijiji hiki umekijaza upendo." Akaanza kufanya mazoezi ya kulipiga, mashavu yakavimba kama ana jino bovu.

Jumatano hiyo mvua kubwa ikanyesha. Nyasi za mapaa manne zikanywa maji, zikawa nzito, na nyumba ya Nakiete ikakaa chini, tii! Ikamfunika yeye na mbuzi. Watu wakaja mbio, tena wengi. Lakini kabla ya kumtoa wakabishana. "Nimefika wa kwanza, nipigiwe mimi!" "Mguu nimeushika mimi!" "Mzee Kiangi, mtu mzima ana milio mingapi?" Nakiete akasema kutoka chini ya nyasi, "Nitoeni kwanza, mtapigiana baadaye." Wakamtoa. Goti lilikuwa limeteguka, limevimba.

Kiangi alipokuja kumpa pole alimkuta kwa jirani yule wa mtoto anayekohoa, amelala mkekani.

"Shemeji, inama nikwambie," akasema Nakiete. "Msimu mzima huu bonge nimekuwa napeleka mimi. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuwakimbia, napanda asubuhi kabla hamjaanza kunipenda. Sasa goti ndilo hili. Nenda wewe. Leo hii, shemeji, kwa mvua hii."

"Wewe? Peke yako? Na hukuniambia nikupigie?"

"Nenda, Kiangi."

"Kesho," akasema Kiangi. "Leo kuna kupanga viti vya kanisani."

Kesho yake kulikuwa na kujifunza wimbo wa mapokezi. Mvua haikuacha. Ijumaa asubuhi ikakatika, ukungu ukashuka mzito, na Kiangi akakumbuka kwamba mahali pazuri pa kufanya mazoezi ya baragumu ni juu ya ukuta wa ndiva, maana sauti inateremka kijiji kizima. Hayo ndiyo yaliyompeleka. Hakwenda kwa ajili ya bonge, nisiwadanganye, alikwenda kwa ajili ya puu-puu-puu.

Akafika. Akaweka mguu ukutani, akasikia ukuta unatetemeka. Akainama kutazama. Katikati ya ukuta palikuwa na tundu la kuingia ngumi, maji yanaruka nje, na kila akipepesa macho bonge jingine la udongo linamomonyoka.

Chini yake, kwenye ukungu, palikuwa na nyumba yake, na kwenye nyumba palikuwa na mama asiyeweza kusimama.

Akapiga baragumu. Mfululizo! Puu-puu-puu-puu-puu, mpaka macho yakamtoka. Akanyamaza asikilize miguu ikija.

Ukungu ukamletea sauti za watu wakinywa uji.

"Nani huyo? Mfululizo? Huyo ametoa ng'ombe!"

"Si ni Kiangi tu. Amejua mwinjilisti anakuja."

"Huyu mzee atatuua na upendo wake."

"Ndiva inapasuka!" Kiangi akapiga kelele. "Njooni! Ndiva!" Lakini maji yalikuwa yananguruma yakimeza maneno yake. Akapiga tena, na tena. Mtu mmoja mwenye adabu akamjibu kutoka chini, kwa sauti ya kuvuta: "Hongeraaa, mzeee!"

Kiangi akalia. Ndiyo, alilia, mzee mzima. Akateremka chini ya ukuta, akaokota udongo akasukuma tunduni, maji yakautema. Akavua koti, lile koti, akalikunja akalisokomeza, maji yakaanza kulisukuma litoke. Akageuka, akaketi tunduni kwa makalio yake, akajikaza na miguu. Maji ya baridi yakampiga mgongoni, meno yakagongana, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwona mzee wa kanisa ameziba bwawa kwa makalio.

Akalitazama baragumu mkononi. Jembamba huku, nene kule. Akalivingirishia koti, akageuka haraka, akalichomeka tunduni kwa ncha, akalipiga teke kwa kisigino, moja, mbili, tatu. Likakwama kabisa! Maji yakawa ya kuchuruzika tu. Kisha akaanza kuchimba udongo wa kichuguu kwa kucha, anabeba kifuani, anashindilia, anarudi, anabeba.

Alikuwa kwenye safari sijui ya ishirini alipomwona mtu anatokea kwenye ukungu, anachechemea na fimbo, bonge kubwa kwenye kanga. Alikuwa Nakiete.

"Shemeji! Na goti hilo?"

"Niliposikia milio haiishi nikajua ni hatari," akasema akihema. "Ng'ombe wako nawajua, ni mmoja na amekonda."

Kiangi akacheka na kulia kwa pamoja. Wakashindilia wote wawili, udongo, mawe, udongo, mpaka jua likatoboa ukungu na ukuta ukanyamaza. Pembe ilikuwa imezama humo ndani, haionekani.

"Ukilichomoa, ukuta unafuata," akasema Nakiete. "Limeshakuwa la ndiva hilo. Watu utawaambia nini?"

Kiangi akafungua mdomo. Jamani, mdomo ulivyomwasha! Maneno yalikuwa yamejipanga tayari: mimi, peke yangu, kwa mwili wangu, nimewaokoa wote. Hapo hata mtu asiyependa sifa angeona ni haki yake.

Nakiete akamtazama. "Ukiwaambia, kesho watapanda wote kugombania tundu. Kila mtu na udongo wake, kila mtu juu ya ukuta. Paa langu umeliona."

Kiangi akakitazama kijiji chini. Akafunga mdomo. Nawaambia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile, kushinda hata ya makalio.

Alipoingia nyumbani, Bibi Mkunde akamwuliza, "Mwanangu, mbona umelowa hivyo?"

"Nimeteleza, mama."

"Pole. Na koti?"

"Limechanika." Akachukua bakuli la uji kutoka kwa mkewe, akaketi kitandani, akaanza kumlisha mama yake taratibu. Bibi Mkunde akamfuta tope usoni kwa ncha ya kanga, akala.

Mpo?

Tupo na masikio yetu!

Basi kikao kikaitwa. Baragumu liko wapi?

"Limenipotea," akasema Kiangi.

"Limepotea! Siku mbili kabla ya mwinjilisti! Na koti?"

"Nalo."

"Ameuza!" "Amelewa, nilimsikia asubuhi anapiga kama mwendawazimu!" "Ng'ombe mwenyewe tumemwona bado yuko zizini!" Wakamvua uzee wa kanisa. Wakamweka Sekiondo, mtu mwenye kifua kipana cha kupulizia, ila sasa hakuwa na cha kupuliza. Kiangi akaambiwa kiti chake ni cha nyuma kabisa, karibu na mlango, pale panapovuja. Akasema, "Asanteni."

Jumapili mwinjilisti Elisafi akafika kwa miguu, hakuna puu wala nini. Akafungua Kitabu pale pale alipoachia. "Nilisema ukurasa unaofuata nitawasomea," akasema, akasoma. Na ukurasa ule ulisema kwamba unapomsaidia mtu usitangulize baragumu mbele yako kama wapendao kusifiwa. Fanya sirini, na Baba aonaye sirini anaona.

Watu wakaangalia vidole vya miguu yao. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akamsaidia kukohoa. Ndipo Sekiondo akasimama, kifua mbele.

"Mwinjilisti, sisi Lembweni hatuna baragumu kabisa. Hata sijui linafanana vipi."

"Hatuna!" wakasema wote kwa pamoja. "Hatujawahi!"

"Mungu awabariki," akasema mwinjilisti, na machozi yakamlenga. "Kijiji cha ajabu. Hamkusomewa, na bado mlijua."

Kule nyuma, chini ya tone la mvua, Kiangi akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimruka kwa kicheko. Nakiete akamfinya.

Tangu hapo wawili wale walipanda ndivani kila asubuhi, kila mmoja na bonge lake, na wakishuka walipita kwa mtoto anayekohoa. Watu walisema wazee wale wamechanganyikiwa. Walizeeka hivyo, wakafa hivyo, Kiangi akazikwa bila koti na bila cheo, na watu kwenye msiba walikumbuka tu kwamba ndiye aliyepoteza baragumu la kijiji.

Miaka ikapita, wajukuu wakaja na saruji kuujenga upya ukuta. Mmoja akapiga sururu, ikatoka pembe. Imevikwa matambara meusi, na kwenye matambara kuna vifungo vitatu. Wakasimama wakaangalia pembe, wakaangalia nyumba zilizo chini, wakaelewa wote kwa mara moja. Wengine wakaketi chini wakalia kwa aibu. Kisha wakasema, hapana, mtu huyu lazima apigiwe! Mfululizo! Wakamchagua mwenye pumzi kuliko wote, akaweka mdomo, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Likatoka tope. Na nyuma ya tope kaa mmoja mdogo, amekasirika kwelikweli.

Basi wanangu, ukimpenda mtu, mpende kwa kile anachokosa, wala usimpende kwa kile unachotaka kisikike. Kile anachokosa mara nyingi kiko mahali ambapo hakuna anayetazama. Mungu hana haja ya kupigiwa ili ageuke. Na wewe pale ambaye umesema mara tano "Bibi, nimemaliza", tumesikia. Sogea umsaidie mwenzako, na ufunge mdomo.

Maneno haya nimeyaweka hapo hapo nilipoyaokota. Mwenye sikio amebeba lake, asiye na sikio abebe ungo, maharage yanangoja chungu.